Siku Niliyokwenda Embu Kutazama Magauni

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Ushonaji nilijifunza kwa kumwangalia tu Mhindi akishona, na kabla sijafika miaka ishirini na mitano nilikuwa na cherehani yangu mwenyewe, ya kukanyaga, kwenye baraza ya duka pale Karurumo. Suruali za chifu, nguo za harusi, zote zilipita mkononi mwangu. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, niliona mambo ambayo sitayaandika, na niliendelea kushona.

Lakini nilikuwa nimechoka. Kijiji chetu kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na wanawake walilichimba kutwa nzima, dada yangu mmoja wao. Kutoka nje mpaka upewe barua ya ruhusa na mkubwa wa homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, na kila nyumba ilipata barua moja tu kwa wiki.

Wiki hiyo mtoto wa dada, msichana wa miaka minne, alikuwa analia kwa maumivu ya masikio. Usaha ulikuwa unatoka. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, akaandika karatasi ya dawa ya matone, ikachukuliwe hospitali ya Embu. Dada alitaka kwenda mwenyewe. Nikamwambia, "Wewe utapanga foleni mpaka jioni. Mimi madaktari wananijua. Niachie."

Hakuna daktari aliyenijua. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hiyo wanawake wa vyama vya maendeleo wangeonyesha magauni katika ukumbi wa Embu, na nilitaka kukaa saa mbili mahali watu wanapotazama nguo, si bunduki. Maonyesho yalianza saa nane, na dirisha la dawa lilifungwa saa kumi na moja. Nikaona muda upo.

Wake wa makarani na walimu walipita juu ya meza zilizounganishwa, wakageuka, wakatabasamu. Kitambaa kipya kina harufu yake. Nilisahau handaki. Mtoto pia nilimsahau, nakiri.

Halafu akaja mke wa karani mmoja, gauni la maua mekundu. Mtangazaji akasema, "Hili amelishona mwenyewe, kwa mikono yake!"

Ile kola peke yake ilinichukua siku mbili. Nikasimama. "Uongo! Huo mshono ni wangu! Geuza kola uone!"

Ukumbi ukacheka. "Basi panda ulivae wewe, fundi, tukuone!" mama mmoja akanirushia.

Mkubwa wa homgadi wa kijiji chetu alikuwa mlangoni, maana ndiye aliyewaleta wanawake wetu kwa lori. Akanijia polepole.

"Kumbe ni wewe. Dawa ya mtoto iko wapi?"

"Ndiyo naenda kuichukua sasa hivi, mzee."

"Barua yangu inasema hospitali. Hapa ni hospitali?"

Nililala ndani siku nne, karatasi ya dresa ikiwa mfukoni. Nyumba yetu ikanyimwa barua, dada akabaki kukanda masikio ya mtoto kwa chumvi ya moto. Nilipotoka, mtoto alikuwa ameacha kulia. Ukimwita, hageuki.

Nilimwambia dada kwamba nilishikwa njiani, nimeonewa. Lakini wanawake wa lori walikuwa wameshafika kabla yangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Gauni lilikuwa zuri?"

Sasa nina maduka matatu na lori, bila kusoma zaidi ya darasa la pili. Mwaka huu wakwe walikuja kumposa yule mtoto wa dada, sasa msichana mkubwa, wakaniletea mbuzi wa mjomba kama desturi inavyotaka. Nyama yake niliwaachia wengine. Kesho yake nilimchukua mpwa wangu mpaka Nairobi kwa daktari wa masikio. Daktari akasema amechelewa mno, labda kifaa kitamsaidia kidogo, na kwamba zamani matone yangetosha.

Matone yale yalikuwa ya bure. Daktari, kifaa na nauli yetu, kwenda na kurudi, nililipa shilingi mia tisa sitini na mbili na senti hamsini.