Mwanahistoria wa Penseli

Kila mwaka mwanahistoria huyu alisaini daftari la mahudhurio kwa penseli. Kwenye nyumba za kuhifadhia nyaraka za kale wino hauruhusiwi, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Mimi, katibu wa mkutano wa wanahistoria hapa Tukuyu, nilipitisha kalamu juu ya jina lake alipokwisha kuingia ukumbini. Alisoma mada zake taratibu, kidole kikifuata mstari, na mvua ikizidi juu ya bati alinyamaza mpaka ipungue.

Mwaka huu alisoma sura ya mwisho ya kitabu chake ambacho kingechapwa Jumatatu: jinsi kijiji kimoja cha Kisondela kilivyohama baada ya mlima kuporomoka. Bibi mmoja aliyealikwa kutoka huko akasimama.

“Ndaga, asante mwanangu, umesoma vizuri. Ila hayo alikusimulia mume wangu, naye siku ile alikuwa migodini. Tuliobeba watoto ni sisi wanawake. Wewe ulipokuja, kwetu uliomba chai tu.”

Watu wakacheka. Mwanahistoria aliiacha mada katikati, akashuka, akakaa karibu na bibi mpaka jioni, akiuliza. Wakati wa kuondoka alisimama mezani kwangu.

“Dada, nimemwambia mchapaji asubiri. Bibi anasema wenzake wa siku ile wamebaki wanne, na mmoja ameanza kusahau.”