Mti Usiochomwa

Nilipokuwa mdogo nilianguka kwenye mpera, nikavunjika mkono wa kulia. Bibi mmoja wa Matemwe, muunga mifupa, alinifunga kwa mti unaotambaa, wenye pingili kama vidole, na mkono ukapona.

Mwaka jana nilirudi kwake. Sasa nafanya kazi maabara, mjini, na nilitaka kujua ndani ya mti ule mna nini hasa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chukua pingili utakazo, mjukuu wangu, ila usiuchome moto. Sie hata masazo tunayafukia."

"Naam," nilijibu, na moyoni namcheka. Madini ya mmea hayapimwi mpaka mmea uwe jivu. Hilo analijua kila mwanafunzi wa kemia. Nimwache bibi anifundishe kazi yangu?

Niliporudi maabara nilizikatakata pingili, nikazitia tanurini, nikafunga mlango. Hapo hapo mfupa ukalia, tak, ndani ya mkono wangu, pale pale alipouunga yeye. Sikuanguka. Sikujigonga popote.

Jivu lilijaa kalsiamu, kama nilivyotarajia. Ripoti niliiandika kwa mkono wa kushoto.