Muuza Pweza na Wanawe Wote

Baba yangu alizaa mtoto mmoja, na huyo mtoto ni mimi. Nasema hili mapema kwa sababu Tunduma nzima ilijaa watu waliodhani vinginevyo.

Alikuwa akiuza samaki wa baharini. Aliwafuata Kilwa, Mafia, hadi Tanga: pweza, ngisi, nguru na kamba wale wenye masharubu. Aliwafungasha kwenye maboksi ya barafu na kuwapandisha huku kwetu mpakani, ambako watu walizoea perege na kambale wa Rukwa. Mwanzoni walimcheka, eti analeta wadudu. Baadaye hoteli za Vwawa na Mbeya zikawa zinampigia simu kabla hajafika. Akavuka Nakonde, akafika Lusaka, akafika Lubumbashi, na kila alikopita aliacha mtu anayemwita baba.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Kila mtu alikuwa "mwanangu". Kuli anayeshusha maboksi, mwanangu. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani na njaa yake, mwanangu, na anapelekewa sahani ya wali. Akiongea na Wazambia kwenye simu anageuza Kibemba, "mwana wandi," kwa sauti laini utadhani anabembeleza kichanga. Mimi, damu yake, aliniita "Mama", kwa kuwa nimerithi jina la mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Watu walisema ni heshima. Heshima gani, jamani? Mama anaagizwa chai. Mama anatafutishwa soksi. Mwanangu ndiye anayepewa. Mara ngapi alirudi safari na kifuko cha kamba, nami nimeshabandika sufuria na kukata vitunguu, kisha mtu anabisha hodi na shida zake, sijui mke kajifungua, sijui nini, na baba anasema, "Mama, mpe huyu mwanangu kile kifuko." Nilitoa. Lakini nilitoa nimenuna, na nikirudi jikoni nagonga vyombo makusudi ili asikie.

"Una wivu kunishinda mimi mke wake," mama yangu alinitania.

"Ndiyo, ninao," nilimjibu. Sikuona haya. Nilitaka aniite mwanangu, mara moja tu, mbele ya watu, wajue nani ni nani. Nilikuwa mtu mzima, nina duka langu la vitenge, na bado nilikuwa nataka.

Mwaka jana presha ilimwangusha akiwa kwenye mizunguko yake Mbeya. Hakurudi mzima, na neno langu sikulipata.

Siku ya mazishi watu walifurika, maturubai hayakutosha. Makaburini mshereheshaji, mtu wa kukodiwa asiyetufahamu, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Watoto wa marehemu wasogee waweke udongo." Nikanyanyuka. Loh! Na wao wakanyanyuka. Makuli, madereva, kondakta wa basi, mama mmoja wa Nakonde aliyejitanda kitenge cheusi, wote wakajipanga mbele na nyuma yangu wakilia kwa kwikwi, na mimi mtoto wa pekee nimebanwa katikati kama nasubiri maji bombani.

Nikalipuka. "Rudini mkakae! Huyu alikuwa na mtoto mmoja! Mmoja, mimi!"

Mama yangu akanishika mkono, nikauchomoa. Wale watu hawakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Walinipisha tu. Nikaweka udongo wa kwanza kwa hasira, nikajiona nimeshinda.

Tuliporudi nyumbani, yule mama wa Nakonde akanifuata mkekani nilipokaa na mama yangu. Akapiga magoti, akauliza kwa Kibemba, "Bamayo bali kwi?" Mama yuko wapi? Nikamwonyesha mama yangu. Akatikisa kichwa. Si mke, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. Anamtafuta mama mzazi wa marehemu. Wenzake wa Lusaka wamemtuma ampe pole.

"Bibi alikufa zamani," nikamwambia.

Akanikatalia katakata. Atakuwaje amekufa? Baba alikuwa akimaliza kuuza tu anakusanya maboksi yake. Wakimsihi alale, apumzike, hataki. "Mama ananisubiri," anasema. "Nikichelewa Mama hali chakula." Walimcheka miaka yote, mzee mzima anamkimbilia mama yake. Safari moja mvua ilikata barabara, akakaa juu ya boksi akalia machozi kabisa, kwa sababu Mama alikuwa na homa nyumbani.

Mama yangu akaniwekea mkono begani. "Ndiye huyu," akamwambia.

Yule mama akaniangalia juu mpaka chini, akacheka huku analia, akawaita wale makuli na madereva waje wamwone Mama. Wakaja wote, kila mmoja na lake. Mama hapendi ngisi. Mama ana hasira za karibu, lakini moyo wake safi. Mama akicheka, uchovu wote wa barabara unaisha.

Niliwasikiliza mpaka wakamaliza. Na ule wivu, badala ya kuisha, ukapanda upya. Maneno hayo baba aliyagawa Nakonde, Lusaka, barabarani, kwa kila aliyempakia mzigo. Mimi nilikuwa hapa nyumbani namsubiri, na hata moja hakuniambia.