Salamu Mzigo Ukiwa Hewani

Ghala la Katubuka lilitugharimu kenchi moja ya chuma na mtu mmoja. Kenchi ilinyooshwa, ikapanda siku nyingine, na hadi leo imeshika paa. Mtu aliitwa Yoramu.

Siku yangu ya kwanza pale, wakimbizi walikuwa bado wanavuka ziwa, na unga wao ulinyeshewa nje kwa kukosa ghala. Mnyapara wetu, Mmanyema wa Ujiji mwenye sauti ya kuuzia dagaa, akaniuliza, "Umewahi kunyanyua nini?"

"Madebe ya mawese, bandarini."

"Haya. Huko debe likianguka mnapiga deki. Huku tunachimba kaburi."

Akanifundisha. Kenchi, yaani kiunzi cha kubebea paa, hupandishwa kwa winchi na kapi. Kila ncha hufungwa kamba ya mwongozo, na aliyeishika ndiye anayeuzuia upepo wa ziwa usiizungushe. Mimi kila kifungo nilikikagua mara mbili. Wenzangu wakasema, "Huyu ukimpa mkono, anahesabu vidole akirudishiwa." Nilicheka nao, kisha nikakagua tena.

Yoramu, Muha wa Mwandiga, alijua kushika kamba kuliko sisi wote. Alikuwa ameoa majuzi. Kenchi ya mwisho ikiwa bado hewani, kamba yake mkononi mwa Yoramu, akatokea Mzee Bitaliho, baba mkwe wake, na kikapu cha mihogo. Alikuja kuona mkwewe anavyofanya kazi.

Sasa, Muha wa nyumba ya heshima hamsalimu baba mkwe kwa mkono mmoja. Huinama, hupiga makofi taratibu, huulizia nyumba, mashamba na ng'ombe. Yoramu akaachia kamba. Akainama, akapiga makofi.

"Kamba! Yoramu, kamba!" mnyapara alipiga kelele.

Upepo ukaigeuza kenchi, ncha ikagonga nguzo, mnyororo wa winchi ukateleza, kenchi ikashuka. Ilimkuta bado ameinama.

Tulipotoka mazikoni mnyapara alitukusanya. "Mzigo ukiwa hewani, hakuna mkwe, hakuna shehe, hakuna padri. Ukishatua, salimianeni mpaka jioni."

Kibarua mmoja Mkongo akauliza, "Na mama yangu je?"

"Mama yako atanishukuru."

Nilipokuwa mnyapara mimi, sharti hilo nilihama nalo hadi Rusimbi na kwingine kote. Nikaliongezea mtu wa getini, kazi yake kupokea salamu zote kwa niaba yetu. Vijana walimwita Balozi. Mpaka nastaafu sikuzika mwingine, na hilo nimelihesabu mara mbili.

Mzee Bitaliho yu hai. Watu wakimpigia makofi hugeuza uso. Nikipita Mwandiga hunikalisha na kuniuliza, "Mwanangu, nisingekwenda siku ile, angekuwepo?"

Jibu la kazini ninalo, na ni la kweli: kamba haiachiwi mzigo ukiwa hewani, aje nani. La kumpa mzee mwenye swali hilo sina. Jumapili napita tena kwake. Nyinyi mliosomea usalama kazini, nishaurini: nimwambie nini?