Kikapu cha Mama Kwenye Pareto

Juzi nilishuka Salgaa nikaagiza chai na chapati. Kijana wa hoteli akaniambia, "Bado kidogo, mathe," halafu akaenda zake kupiga gumzo na madereva wa malori. Chai ilipokuja, hamu ilikuwa imeniisha. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, kwa maana maneno hayo, rafiki yangu, nayajua tangu utotoni.

Miaka ya hamsini tulikaa kwenye shamba la mzungu, juu ya Molo, mimi na mama na nyanya, katika nyumba za wafanyakazi tulizoziita laini. Kwetu "bado kidogo" ilikuwa kila kitu isipokuwa kidogo. Nyanya akiisema juu ya viazi, ujue hata maji hayajachemka. Mnyapara akiisema, ujue mistari ya maua ya pareto inakungoja mpaka kule kilimani, na vidole vimeshakufa ganzi kwa umande. Mwalimu naye akitazama hesabu yako aseme bado kidogo, wewe jitayarishe tu kwa kiboko. Watu wazima waliisema wakicheka, na sisi watoto tukacheka nao.

Halafu serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari. Asubuhi moja askari walileta lori, wakasema mama amekula kiapo cha wapigania uhuru, wakampakia. Hata shuka hakuruhusiwa kuchukua. Nilimuuliza nyanya mama atarudi lini, akasema, "Bado kidogo." Hiyo sikuicheka. Niliiamini vilevile ilivyo, kwamba ni kidogo kweli.

Lakini nyumba ya laini ilikuwa ya mtu aliye kazini, na nyanya mgongo wake ulikuwa umekataa kazi. Mama akikosekana shambani, tungefukuzwa. Basi nyanya akakibeba kikapu cha mama, akakiweka mwanzo wa mstari wa mama, na akina mama wa laini, kila aliyepita, akatumbukiza maua kidogo kutoka kwenye kikapu chake. Jioni kilikuwa kimejaa. Mnyapara hakuwa mjinga. Alisimama mbele ya kikapu akauliza, "Mwenyewe amerudi?"

"Bado kidogo, mzee!" waliitika wote kwa pamoja.

Akakipima na vingine. Ikawa hivyo msimu mzima. Mimi nilikaa kando ya kikapu, harufu kali ya pareto ikinipanda kichwani, macho yangu barabarani. Vumbi likitimka, nasema ni yeye. Jamani, nilivyongoja!

Maua yalipokwisha, jioni moja nyanya alikuwa akimenya viazi, akaniambia bila kuinua uso kwamba mama alifia kwenye kambi ya kizuizini, kwa kuhara. Mwanamke wa laini aliyeachiliwa ndiye aliyeleta habari. Nikamuuliza, habari ililetwa lini?

"Mwanzo wa mavuno," akasema, akaendelea kumenya.

Laini zilibomolewa zamani. Pale sasa ni viazi na kabichi, na wale akina mama wote wametangulia. Siwalaumu hata kidogo. Bila wao tungelala barabarani, kwenye baridi ile ya Molo. Ila nikiwakumbuka wakiitika kwa sauti moja, wakicheka na mnyapara, moyo unaniuma upya. Shamba zima lilijua. Aliyekuwa akimngoja mama ni mimi peke yangu.