Damu Iliyofanana Mno

Mke wangu alipiga pasi shuka za hoteli miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mama Pasi. Alisimama tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi, mguu mmoja juu ya kigoda, akichoka anabadilisha. Joto la pasi alilijua kwa kuisogeza karibu na shavu. Meneja mpya alipomwambia afuate namba zilizoandikwa kwenye pasi, alimjibu, "Baba, shuka haijui kusoma."

Mimi nilichimba visima. Shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye, kwa chaki, juu ya meza ya pasi, tena kwa kunisimanga: "Hiyo ni b au ni mtu ana mimba?" Ndiyo maana naweza kuandika haya. Naandika kwa hasira, sifichi.

Ilianza kwa michubuko mikononi. Alisema ni vikapu vya nguo. Ufizi ukatoka damu, akasema mswaki mgumu. Siku alipoanguka kwenye chumba cha kufulia, tukaenda hospitali. Saratani ya damu. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alisema dawa zitaisukuma nyuma kwa muda tu. Ili iondoke, lazima uboho wake wote, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, uuawe kwa dawa kali, kisha apandikizwe mbegu za damu za ndugu yake.

"Kama kuhamisha miche," nilisema.

"Kabisa, baba. Ila miche hii huja na askari wake."

Ndugu alikuwa nao wawili. Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, na mdogo wake wa kike, fundi wa kushona viti vya magari. Wote wakapimwa. Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri kuitwa. Mke wangu akanivuta mkono wa shati.

"Daktari jana kanidokeza za mdogo wangu ndizo nzuri. Nazitaka hizo. Kaka atakataa, namjua. Mimi siwezi kumpinga. Sema wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

Katika ukoo wao, mkubwa akishasema, kikao kimefungwa. Huyu aliyemjibu meneja, mbele ya kaka yake alikuwa mtoto wa miaka tisa. Ndugu hampingi. Mume wa dada anaweza, maana yeye ni mtu wa nje. Ndiyo kazi yake.

Tukaingia. Daktari akasema, "Nyote wawili mmelingana naye alama zote kubwa. Ni bahati. Lakini askari wa damu, wale wanaopigana na ugonjwa, nao wana aina zao, na mtu hurithi zake. Askari wa kaka ni wa aina ileile ya mgonjwa. Wa mdogo ni tofauti kidogo, na kwa ugonjwa huu huenda tofauti hiyo ikasaidia. Huenda wakayawinda vizuri zaidi mabaki ya saratani. Si hakika. Na umri wake pia ni mdogo. Ningekuwa mimi, ningechukua za mdogo."

Shemeji akacheka. "Daktari, mimi nimelingana naye kila kitu, halafu umchukue aliyepungua? Hata vifungo vya shati hatununui hivyo."

"Kaka, lakini daktari amesema..."

"Wewe kashone viti. Huyu nimemlea mimi tangu baba afe. Mdogo atatangulia vipi mbele yangu?"

"Wote mnafaa," daktari alisema. "Uamuzi ni wa mgonjwa."

Mke wangu akanifinya paja. Akafinya tena. Nilitazama viatu vyangu.

"Mkubwa ameshasema," nikasema.

Maneno mawili. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Mke wangu aliondoa mkono wake pajani. "Basi," akasema. "Za kaka."

Zikaingia kwenye mshipa, mfuko umetundikwa kama damu ya kawaida tu. Siku ya kumi na sita zikawa zimeshika. Hakuvimba, hakuwashwa, hakuharisha. Shemeji akatamba wodini: "Damu yangu ina adabu!"

"Kaka, mpaka damu yako ni mwalimu mkuu," mke wangu alisema. "Imeingia tu, darasa zima kimya."

Wauguzi walicheka. Daktari hakucheka. Kwenye korido aliniambia alitamani aone vipele kidogo. "Ugomvi mdogo tu, baba, ningejua askari wako kazini."

Mwezi wa nane baada ya kupandikizwa, michubuko ikarudi. Safari hii hakusingizia vikapu. Mdogo wake akaitwa haraka, akaanza kuchomwa sindano za kuandaa damu. Hazikuwahi. Mapafu yalishaingiliwa na maambukizi. Mke wangu alikufa Jumanne, saa ya chakula cha mchana, sahani bado imefunikwa.

Nilimuuliza daktari: za mdogo zingemponya?

"Huenda," alisema. "Siwezi kuapa."

Nalichukia neno hilo. Angesema hapana, ningelala.

Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa. Shemeji akasimama. "Ndugu zangu, dada yangu nilimpa damu yangu mwenyewe, iliyolingana naye kama pacha. Mungu akampenda zaidi." Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakaja kumshika mkono.

"Kaa chini," nilisema.

"Shemeji?"

"Kaa chini. Dada yako alitaka za mdogo wake. Alikuogopa. Akanituma mimi nikuambie, sikukuambia. Leo nakuambia."

"Mbele za watu?"

"Nilinyamaza mbele ya watu wanne, akafa. Nikisema mbele ya hamsini, atakufa nani?"

"Kwa hiyo nimemuua mimi? Mimi niliyetoa?"

"Wewe ulitoa. Mimi nilinyamaza. Na hilo la kumsingizia Mungu ni uongo. Kaa chini."

Mtu alinivuta koti, nikamtoa mkono. Shemeji alimtazama mdogo wake amtetee. Mdogo wake alitazama sakafu, kama mimi siku ile. Kisha akainua uso. "Ni kweli, kaka. Hata mimi nilinyamaza."

Shemeji akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Sasa ukoo mzima unasema sina adabu, nimemwaibisha mkubwa msibani. Waseme. Nilipaswa kumwaibisha miezi kumi na moja kabla, mke wangu akiwa amekaa pembeni yangu.