Ufunguo wa Bweni la Wasichana

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilipokuwa mkaguzi wa majengo Karatu, nikiona kosa nililiandika, mwenye jengo anune asinune. Bweni lile la wasichana lilikuwa na mlango mmoja tu, wa chuma, uliofungwa kwa kufuli nje, na madirisha yote yalizibwa kwa nondo zilizochomelewa. Ndani, vitanda vya deka vilibanana hadi mlangoni, vyote vikiwa na magodoro ya sponji. Niliagiza utobolewe mlango wa pili, na kufuli iondolewe. Sponji ikishika moto, moshi wake haumpi mtu nafasi ya kutafuta kiatu.

Shule ikakata rufaa. Nilikwenda mbele ya kamati na picha zangu na kiburi changu, nikijua nimeshinda. Ndipo akasimama mzazi mmoja, mfugaji aliyetoka Kakesio, vumbi la safari bado liko miguuni.

"Mama," akaniambia, wala hakuitazama kamati, "moto naujua. Kwetu nyika ikiwaka tunauona toka mbali, tunahamisha ng'ombe. Lakini watu wanaotaka kumtorosha binti yangu wakamwoze, hao hawatoi moshi. Dada yake walimchukua hivyo, kwenye shule yenye milango miwili. Huyu nimemleta hapa kwa sababu ya hiyo kufuli."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Kamati ikaikubali rufaa: mlango ubaki mmoja, na ufungwe. Mwenyekiti, nadhani kwa kunionea huruma, akasema sharti la usalama niliandike mimi mwenyewe. Nililiandika kwa hasira, sentensi moja: matroni akae na ufunguo mwilini mwake wakati wote, asimwachie mtu mwingine yeyote. Nikaona nimewabana.

Baada ya hapo sikutulia. Kiangazi kile upepo ulishuka kwa nguvu kutoka msitu wa kreta, na wakulima walikuwa wakichoma mabua mashambani. Kila nilipoona moshi nilitoka ofisini nikasimama uani hadi nijue unatoka upande gani. Mume wangu alinitania kwamba siku hizi nanusa hewa kuliko mbwa wetu. Sikucheka. Niliogopa, na sikujua naogopa nini hasa, maana sharti lilikuwapo, limeandikwa na kugongwa muhuri.

Siku moja ya mnada, saa nane mchana, nilikuwa nachagua vitunguu nilipomwona matroni wa bweni lile amesimama pembeni yangu na kapu lake. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Endamarariek, mtu ambaye ungemwachia nyumba yako bila kufikiri mara mbili. Alifurahi kuniona. Akavuta kamba iliyokuwa shingoni, ufunguo ukatokeza juu ya kitenge.

"Unaona, mama mkaguzi? Tangu ulipoandika ile karatasi sijauvua. Mwalimu mkuu aliuomba nikamkatalia. Hata kuoga naoga nao."

Kutoka pale mnadani hadi shuleni ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu.

"Na wasichana?" nikamuuliza.

"Wamepumzika, wameshakula." Akageuza kitunguu, akakibonyeza, akakitia kapuni. "Usiwe na wasiwasi, mama. Nimewafungia vizuri."